Seremala, Welda na Chama: Stori ya Upepo Ambayo NASA Walikosa

Mwaka 1983, pale Kaiser-Wilhelm-Koog, kaskazini mwa Ujerumani, jamaa walisimamisha mtambo wa upepo ambao haukuwa na mwenzake duniani. Uliitwa GROWIAN. Mnara wa karibu mita 100, mabawa mawili yanayozunguka duara la mita 100, nguvu ya megawati 3. Serikali ilitoa pesa, makampuni makubwa ya stima yakaingia, mainjinia wenye digrii mpaka kwa kisogo wakachora. Kufikia 1987 ule mtambo ulikuwa umefanya kazi saa kama 420 hivi. Saa, si siku. Ukipiga hesabu ni kama wiki mbili na nusu. Vyuma vya pale katikati, penye mabawa yanashikana, vilikuwa vinapasuka. 1988 wakaubomoa.

Miaka michache kabla ya hiyo, ukivuka tu mpaka uingie Denmark, kulikuwa na seremala anaitwa Christian Riisager. Alijenga mtambo wake nyuma ya nyumba. Kilowati 22, yaani kitu kidogo sana ukilinganisha. Jenereta ilikuwa mota ya kawaida ya stima aliyoigeuza kazi, na breki na gia alitumia vipuri vya gari. Akauunganisha na gridi, ukafanya kazi. Majirani wakaona, wakataka wao pia, akaanza kuuza.

Sasa wasee, leo Denmark zaidi ya nusu ya stima wanayotumia inatoka kwa upepo. Na njia iliyowafikisha hapo ilianzia kwa Riisager na wenzake. Marekani pia walijaribu ile njia ya pesa kubwa: NASA na Boeing walijenga midude ya megawati mbili, tatu, na hakuna hata modeli moja kati ya hizo iliyogeuka kuwa biashara ya kudumu. Watu waliotuma binadamu mwezini walishindwa kuuza feni.

Ukiuliza kwa nini, wengi watakuambia Wadenmark ni werevu, ama wana upepo mwingi, ama ni matajiri. Ujerumani pia kuna upepo. Marekani kuna pesa. Mimi nikisoma hii historia naona kitu kingine kabisa: nani alikuwa anaongea na nani, na walikuwa wanaambiana nini. Na pia, nani alikuwa na hisa.

Hii stori inaanzia kwa mwalimu. Poul la Cour alizaliwa 1846, akasomea fizikia na hali ya hewa, akapanda mpaka akawa naibu mkuu wa taasisi ya hali ya hewa ya Denmark. Kazi ya ofisi, kazi ya heshima. Akaiacha, na 1878 akaenda kufundisha Askov, kijijini kule Jutland. Askov ilikuwa moja ya zile shule za watu wazima zilizotokana na mawazo ya kasisi Grundtvig: vijana wa mashambani wanakuja, wanakaa, wanasoma historia, nyimbo, sayansi, wanabishana, wanarudi nyumbani. Hakuna mtihani. Hakuna cheti.

(Kwa sisi tuliotoka chuo katikati, hapo pametushika moyo, najua. Lakini tusijidanganye. La Cour mwenyewe alikuwa amesoma mpaka mwisho. Kitu alichokataa ni kukaa na masomo yake mahali ambapo mkulima hawezi kumfikia.)

1891 akapata pesa kidogo za serikali, akajenga kinu cha upepo cha kutoa stima. Shida ikawa ile shida ambayo mpaka leo watu wanaumia nayo kichwa: upepo ukilala, taa zinazima. La Cour akaamua kutumia stima kupasua maji, apate hidrojeni na oksijeni, aziweke kwenye matangi, kisha achome hidrojeni usiku kuwasha taa za shule. Na ilifanya kazi, miaka kadhaa. Isipokuwa mara nyingine hidrojeni ililipuka na madirisha ya shule yakaenda. Kwa hivyo ukisikia mtu kwenye paneli Nairobi akiita hidrojeni ya kijani teknolojia mpya kabisa, mkumbushe kuna wanafunzi wa kijijini waliokuwa wanasomea hiyo taa kabla ya 1900.

Lakini si hidrojeni iliyobadilisha Denmark. Ni kozi. 1903 la Cour alianzisha chama cha stima ya upepo, akatoa jarida, na kuanzia 1904 akawa anafundisha vijana wa vijijini kazi ya fundi stima. Walitoka pale wakienda kujenga vituo vidogo vya stima vya vijiji, vya ushirika. Kufikia 1918 kulikuwa na kama vituo 120 vya aina hiyo vyenye kinu cha upepo. Mmoja wa wanafunzi wa 1904 alikuwa kijana wa miaka 17 hivi, Johannes Juul. Shika hilo jina.

Vita vikapita, viwili. Mafuta yakashuka bei, vinu vikazeeka. Juul akawa mzee anayefanyia kampuni ya stima, na badala ya kungoja pensheni akarudi kwenye kitu alichofundishwa akiwa kijana. 1957 akasimamisha mtambo wa Gedser, kusini kabisa ya nchi: kilowati 200, mabawa matatu, duara la mita 24. Sehemu ya pesa ilitoka kwa msaada wa Marshall, ule wa Wamarekani wa kujenga upya Ulaya. Jambo la akili zaidi pale lilikuwa kwenye ncha za mabawa. Juul aliweka vipande vinavyogeuka vyenyewe mtambo ukikimbia kupita kiasi, vinashika hewa, vinapunguza mwendo. Breki ya upepo kwa upepo. Mtambo ulikimbia karibu miaka kumi bila matengenezo makubwa, ukasimamishwa 1967. Mafuta yalikuwa rahisi, nani alikuwa na haja nao.

Kisha ikaja 1973. Nchi za Kiarabu zikafunga mafuta. Denmark wakati huo zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake ilikuwa mafuta ya kununua nje. Jumapili magari yalipigwa marufuku, watu wakatembea katikati ya barabara kuu kama watoto. Serikali na makampuni ya stima wakasema jibu ni nyuklia. Na ng'ambo ya maji, Uswidi ilikuwa tayari inamalizia kituo cha nyuklia cha Barsebäck, kilomita kama 20 tu kutoka Copenhagen, unakiona kwa macho ukiwa ufukweni.

Watu wakakataa. Ile stika ya jua linalotabasamu, yenye maneno ya kukataa nyuklia kwa adabu, ilibuniwa Aarhus 1975 na mwanamke kijana, Anne Lund, ikazunguka dunia nzima. Ila mimi naona kitu cha maana zaidi kilikuwa cha upande wa pili: mwaka huohuo wa 1975 wengine walianzisha shirika la nishati jadidifu, OVE, wakasema kupinga peke yake haitoshi, lazima tuonyeshe kitu kingine kinafanya kazi. Wakaanza mikutano ya wikendi ya watu wa upepo.

Na hapa naomba tukae kidogo.

Piga picha ni nani alikuwa kwa hiyo mikutano. Maseremala. Mawelda na wafua vyuma wanaotengeneza vifaa vya shamba. Walimu. Vijana wa nywele ndefu. Mainjinia wachache waliokuwa wamechoka na kazi zao. Mtu aliyenunua mtambo mwezi uliopita na tayari umemharibikia. Watu wa jua kali, tungesema sisi. Na hawakuja kujisifu. Walikuja kueleza nini kimevunjika.

Pale Ulfborg, walimu na wanafunzi wa shule za Tvind walikuwa wanajenga mtambo wao mkubwa kati ya 1975 na 1978, kwa mikono yao, na watu wa kujitolea wakija kwa mamia. Mnara wa zaidi ya mita 50. Mpaka leo bado unazunguka, kwa hivyo ukilinganisha na GROWIAN, cheka tu. (Tvind yenyewe baadaye ilikuja kuwa na utata mwingi, mpaka mahakamani. Hiyo ni stori ya siku nyingine.) Kitu cha muhimu ni kwamba ujuzi wa mabawa ya faibaglasi haukufungiwa kabatini. Ulitoka pale ukamfikia Erik Grove-Nielsen, aliyeanza kutengeneza mabawa shambani kwake na kumuuzia yeyote. Sasa welda wa kijijini akawa hahitaji kujua sayansi ya mabawa. Ananunua mabawa kwa Grove-Nielsen, giaboksi kwa muuza giaboksi, anachomelea mnara mwenyewe.

Hivyo ndivyo Karl Erik Jørgensen, fundi wa vyuma, na Henrik Stiesdal, kijana wa miaka 21, walivyotengeneza mtambo wao 1978. Mwaka uliofuata wakauza leseni kwa kampuni iliyokuwa inatengeneza vifaa vya shamba na kreni. Kampuni yenyewe ni Vestas. Ndiyo, hiyohiyo.

Dhoruba zikaja, na mitambo mingine breki zikashindwa, ikakimbia mpaka ikajivunja. Mnajua vile huku kwetu kampuni ikipata aibu ya namna hiyo inanyamaza na kutuma wakili. Kule wenye mitambo walikuwa wameshajiunga, 1978, kwa chama chao. Wakasema hatununui tena mtambo usio na breki mbili zinazojitegemea, na moja iwe ya hewa, kama ile ya mzee Juul. Watengenezaji wakatii, ju wateja wote walikuwa meza moja. Halafu wakafanya kitu ambacho mimi nakiona kitamu kuliko vyote: kila mwezi jarida lao, Naturlig Energi, lilichapisha takwimu za mitambo ya wanachama. Modeli gani ilitoa stima kiasi gani. Nini kiliharibika. Ni kama grupu ya WhatsApp ya watu wa boda, ile wanaambiana klachi ya pikipiki gani haimalizi mwaka, isipokuwa hapa imepigwa chapa na kila mtu nchini anaisoma, pamoja na aliyetengeneza ile klachi. Huwezi kuuza takataka mara mbili kwenye nchi ya namna hiyo.

Serikali nayo, nipe sifa panapostahili, haikukaa tu. 1978 ilifungua kituo kidogo cha kupima mitambo ya upepo pale Risø. Risø ilikuwa maabara ya nyuklia. Watu waliojengewa vinu vya atomu ndio wakaanza kupima feni za mawelda. Kuanzia 1979 ukinunua mtambo, serikali inakurudishia asilimia 30 ya bei, ila tu kama mtambo umepitishwa na Risø. Kwa hivyo fundi wa kijijini alilazimika kuingia maabara, na mwanasayansi akalazimika kuelewa fundi anasema nini. Pesa haikupewa mtu mwenye wazo zuri kwenye slaidi. Ilipewa mnunuzi wa kitu kilichopimwa.

Kuna wasomi wawili, Raghu Garud na Peter Karnøe, walioandika 2003 wakilinganisha Denmark na Marekani kwenye hii kazi. Walichoona ni kwamba Wamarekani walikuwa wanatafuta kuruka hatua moja kubwa, Wadenmark walikuwa wanaunga kilichopo hatua kwa hatua. Mimi ningeongeza: kuruka kunahitaji uwe peke yako na siri yako. Kuungaunga kunahitaji majirani.

California kulikuwa na kipindi cha wazimu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Serikali ilitoa punguzo la kodi, mitambo ya Denmark ikauzwa kule kwa maelfu. Punguzo likaisha mwisho wa 1985, soko likafa, na Vestas ikafilisika 1986, ikafufuka. Tusonge.

Nyumbani, nani alikuwa ananunua? Vyama. Kwa Kidenmark wanaita vindmøllelaug, lakini mama yako angeelewa mara moja: watu wa kijiji wanachanga, wananunua mtambo mmoja, kila mtu ana hisa kulingana na alichotoa, stima inauzwa, faida inagawanywa. Sheria ya wakati huo ilisema lazima uwe unaishi karibu na mtambo ndio ununue hisa, na hisa zako zisipite kiasi fulani kulingana na stima unayotumia. Bwenyenye wa Copenhagen hangekuja kununua kijiji kizima cha upepo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya familia 100,000 zilikuwa na hisa za upepo, kwa nchi ya watu milioni 5 na kitu. Hata mitambo 20 ya Middelgrunden, unayoiona baharini nje ya Copenhagen, nusu yake ni ya ushirika wa wanachama zaidi ya 8,000.

Hii inaeleza kwa nini kelele za mitambo hazikuwasumbua sana wakati ule. Mtambo wa jirani ni kelele. Mtambo wenye hisa zako ni sauti ya pesa.

Lakini chama cha kijiji hakiwezi kukusaidia usiku ambao upepo umelala nchi nzima. Hapo unahitaji jirani mkubwa, na Denmark ilikuwa na bahati ya majirani.

Mwaka 1915, katikati ya vita vya kwanza, tayari kulikuwa na waya wa stima chini ya bahari kutoka Uswidi hadi Denmark. 1963 nchi za Kinordiki zikaunda Nordel, mezani pa pamoja pa watu wanaoendesha gridi. 1976 na 1977 zikalazwa kebo mbili za Skagerrak kati ya Norway na Jutland, zaidi ya kilomita 120 chini ya maji. Kumbuka miaka hiyo. Wakati huo Riisager ndio kwanza alikuwa anauza mitambo yake ya kwanza. Kebo hazikulazwa kwa ajili ya upepo kabisa. Denmark ilikuwa na stima ya makaa, Norway ilikuwa na stima ya maji, karibu yote. Mwaka wa ukame Norway inanunua makaa, mwaka wa mvua inauza maji. Basi.

Upepo ulipokuja kukua, waya ulikuwa tayari unawangoja. Na inafanya kazi kwa urahisi mpaka inakera: upepo ukivuma sana Jutland, stima inapanda kaskazini, Wanorway wanafunga milango ya mabwawa yao, maji yanabaki milimani. Upepo ukilala, wanafungua, stima inashuka kusini. Hakuna aliyehifadhi upepo. Wamehifadhi maji ambayo hayakutumika. Kitu ambacho la Cour alikitafuta kwa hidrojeni mpaka akavunja madirisha, wajukuu wake walikipata kwa jirani.

Ushirikiano ukazidi kukomaa. 1985 wakaanzisha mpango wa pamoja wa utafiti wa nishati, leo unaitwa Nordic Energy Research, uko Oslo. 1996 Norway na Uswidi wakafungua soko moja la stima, Nord Pool, la kwanza duniani kuvuka mpaka. Ufini wakaingia, Denmark wakaingia. 1991 Denmark ilikuwa imeshaweka mitambo 11 baharini pale Vindeby, shamba la kwanza la upepo baharini duniani, ya kampuni iliyomwajiri yule kijana Stiesdal. Jumla ilikuwa megawati 5 hivi, watu wakacheka. Mei 2022, pale Esbjerg, Denmark, Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji zikasaini kufikisha gigawati 150 Bahari ya Kaskazini kufikia 2050. Mwaka mmoja baadaye, Ostend, nchi zikawa tisa na shabaha ikawa 300.

Mpaka hapo ni stori tamu ya kuwekwa kwa kalenda. Ila nisiwauzie kalenda.

Mtandao ukiwa wa maseremala 200, kila mtu anajua nani anapata nini. Ukiwa wa kebo za megawati 1,400, watu wanaanza kuuliza. 2021 Norway iliunganishwa na Ujerumani kwa kebo moja na Uingereza kwa nyingine. Mara tu baada ya hapo bei ya gesi Ulaya ikapaa, Urusi ikavamia Ukraine, na watu wa kusini mwa Norway, waliozoea stima rahisi ya maji yao wenyewe, wakaanza kuona bili za kutisha. Wataalamu wakawaeleza kwamba soko linafanya kazi vile linafaa. Si uongo. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu anayeona bwawa dirishani kwake. Januari 2025 serikali ya Norway ilivunjika, Chama cha Kati kikatoka, ugomvi ukiwa ni sheria za nishati za Umoja wa Ulaya. Na sasa wanasiasa wengi wa Norway hawataki hata zile kebo mbili za kwanza za Skagerrak zifanywe upya zikifika mwisho wa umri wake. Kebo zilizokaa karibu miaka 50 bila mtu kugombana nazo.

Na kuna wengine ambao hawakuulizwa hata bili. Fosen, katikati mwa Norway, ilijengwa mashamba mawili, Storheia na Roan, mitambo 151 jumla, ya Vestas. Pale ndipo Wasami, watu wa asili wa kule, huchungia rendia wakati wa baridi, wale wanyama unaowaona wakivuta sleji kwenye kadi za Krismasi. Wasami wakaenda mahakamani. Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norway, majaji 11, wote kwa sauti moja, ikasema leseni zile zilivunja haki yao ya utamaduni. Mitambo ikaendelea kuzunguka. Siku 500 baadaye vijana wa Kisami wakafunga milango ya wizara Oslo. Makubaliano yakaja Desemba 2023 kwa upande mmoja wa wafugaji, na Machi 2024 kwa upande wa pili.

Sasa angalia hii. Siku nane baada ya hukumu ya Oslo, tarehe 19 Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Meru ikatoa uamuzi kuhusu mashine za kampuni ileile. Mitambo 365 ya Vestas, kilowati 850 kila mmoja, Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kwenye ardhi ya ekari 150,000. Kesi ilikuwa imewasilishwa 2014 na watu wa pale. Mahakama ikasema hatimiliki za ile ardhi zilipatikana kinyume cha sheria, utaratibu wa kuuliza wenyeji haukufuatwa. Wafugaji kule, wafugaji huku. Theluji kule, jiwe na jua huku. Mwezi mmoja.

Na si bahati mbaya kwamba ni watu walewale. Wenye hisa wa mradi wa Turkana walikuwa pamoja na Vestas yenyewe, IFU ya Denmark, Norfund ya Norway na Finnfund ya Ufini. Yaani ule mtandao wa Nordiki, baada ya miaka mia moja na kitu, ulifika mpaka Marsabit. Ulikuja na mashine nzuri sana, upepo wa pale ni balaa na mitambo inafanya kazi. Hata waya ulituchelewesha sisi, si wao: mitambo ilikuwa imesimama 2017, laini ya zaidi ya kilomita 420 mpaka Suswa ikakamilika 2018, na tukalipia stima ambayo haikuwa imefika popote.

Lakini uliacha nyumbani kile kipande kimoja. Sheria iliyosema ukae karibu ndio ununue hisa haikupanda ndege. Watu wa Loiyangalani walipata miradi ya hisani, madarasa, maji, barabara. Si vibaya, barabara ni barabara. Machi 2023 ikatangazwa kwamba Vestas, IFU na Finnfund wanauza hisa zao, asilimia 31.25 ya mradi. Mnunuzi alikuwa mfuko unaosimamiwa na BlackRock, New York.

Najua mtasema mfugaji wa Marsabit hana pesa ya kununua hisa za mtambo. Mkulima wa Jutland wa 1980 pia alikopa benki, na benki ilimkopesha kwa sababu bei ya stima ilikuwa imewekwa na mtambo ulikuwa umepimwa na Risø. Na huku kwetu kuchanga tunajua kuliko Wadenmark. Tumejengeana shule, tumezikana, tumenunuliana matatu na ploti. Kama kuna mtu wa Marsabit ama Laisamis anayesoma hii, ningependa kusikia kutoka kwako chama cha namna hiyo kingekaa vipi pale: nani angeshika kitabu, na hisa moja ingekuwa mbuzi wangapi.